Mshahara usipofika, kiapo kinabaki wapi? Uzi kwa wenye taaluma wote wa Goma

Muuguzi wa Katoyi (mleta uzi)

Wandugu, hamjambo nyote. Jambo hili tunalizungumza chini chini kwenye vyumba vya zamu, leo nataka tuliweke hadharani. Mtu mwenye taaluma anadaiwa nini na jamii yake? Na deni hilo linabaki pale pale hata miezi ikipita bila mshahara?

Nikisema taaluma simaanishi kila kazi yenye jasho. Namaanisha daktari, muuguzi, mfamasia, avoka (wakili), mwalimu, mhandisi, mtaalamu wa volkano. Hawa ni watu ambao mji mzima umewakabidhi kitu ambacho wenyewe hauna uwezo wa kukikagua.

Nenda Birere jioni, simama kwenye kibanda cha dawa. Mama anaomba vidonge vya mtoto mwenye homa, hana fedha ya pakiti nzima. Muuzaji anashika mkasi, anakata ile karatasi ya vidonge, vinne huku, sita kule. Tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa pembeni, upande mmoja tu. Kipande chenye tarehe kinabaki dukani, kisicho na tarehe kinakwenda nyumbani kwa mama. Hana namna ya kujua kama alichomeza mwanawe ni dawa nzima au dawa iliyokufa. Mtoto akipona atashukuru, asipopona atasema ni mapenzi ya Mungu. Kwangu mimi taaluma inaanzia hapo, pale anayehudumiwa anapokuwa hana uwezo wa kumkagua anayemhudumia.

Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akikuletea magunia ya viazi kutoka Kibumba, unayahesabu mlangoni, na moja likipungua mnagombana hapo hapo. Kazi yake ni ngumu kuliko yangu na ni ya heshima, lakini macho yako yanatosha kumsimamia. Mimi nikikuchoma sindano, macho yako hayatoshi. Unaangalia koti jeupe basi. Na mitaani kwetu kila mwenye koti jeupe anaitwa dokta, awe daktari, awe muuguzi, awe kijana aliyeanza kwa kufagia kituo cha afya. Imani ile haichagui, ndiyo maana inanitisha.

Kwa sababu hiyo jamii imefanya mapatano na sisi. Inatupa cheo, inawazuia wengine wasiifanye kazi yetu, inatuacha tusahihishane wenyewe kwa wenyewe. Marekani mwaka 1915, Abraham Flexner, aliyekuwa amekagua vyuo vya udaktari miaka michache kabla, alijaribu kutaja alama za taaluma: akili inayobeba lawama ya maamuzi yake, elimu ya kina, ujuzi unaofundishika, wenye kazi kujipanga wenyewe, na mwishoni kabisa kutanguliza manufaa ya watu. Wengi wetu tunazikumbuka za mwanzo na kuisahau ya mwisho. Hapa nchini Kongo Orde ya Madaktari, yaani chama chao cha kisheria cha kujisimamia, ipo tangu 1968, mawakili wana sheria yao ya 1979, sisi wauguzi tulipata orde yetu kwa sheria ya Julai 2016. Ni kama serikali ilituambia: jisimamieni, kwa kuwa wengine hawaijui kazi yenu kwa ndani. Anayepewa heshima hiyo halafu akajificha nyuma yake, ameiba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hata zamani hatukulipwa vizuri. Kuna wenzetu waliofanya kazi miaka mingi bila kumekanizwa, jina halimo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wanaishi kwa kile kidogo ambacho kituo kinakusanya kwa wagonjwa. Halafu mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mjini, benki zikafunga, na hata waliokuwa na mshahara wakaanza kuhangaika jinsi ya kuupata.

Matokeo yake yako wodini. Mama anajifungua kwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa anapewa bili, hana, anabaki. Kitanda kinahitajika, anahamishiwa kwenye godoro la korido. Kitenge chake kimetundikwa dirishani kikauke, mtoto ananyonya, baba ametoka kwenda kukopa. Kila siku anayolala pale inaongeza bili ile ile anayozuiliwa kwayo. Na anayemzuia mlangoni ni mwenzangu, mwenye koti kama langu, ambaye naye hajalipwa na watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali (karo). Haya yapo katika vituo vingi, sitaji hata kimoja.

Msimamo wangu ni huu. Mimi naidai serikali. Siwezi kwenda kulidai deni hilo kwa mama aliyetoka kushonwa. Kumzuia mtu aliyepona mpaka alipe ni kumfunga bila hakimu, uuguzi haumo humo. Lakini pia sikubali kiapo changu kiwe kamba ya kunifunga mdomo. Kinanikataza kumwacha mgonjwa afe. Hakinikatazi kudai, wala kugoma kwa utaratibu huku wodi ya dharura na chumba cha kujifungulia vikiendelea, wala kusema mbele za watu kwamba oksijeni imeisha. Kusema ni sehemu ya kiapo chenyewe.

Nawasikiliza.

Fundi wa Ndosho

Dada muuguzi, heshima yako. Ila mkizungumza taaluma mnatuacha nje sisi tusio na diplomu, na anayelala chini ya dari niliyomwaga mimi naye hawezi kunikagua. Zege likishakauka, nani atahesabu nondo zilizomo?

Niseme ninavyoviona. Mwenye parseli (kiwanja) anaanza na fedha ya orofa moja, katikati ya kazi anataka tatu. Msingi ni ule ule tuliouchonga kwenye mawe ya lava kwa ajili ya moja. Ananiambia ongeza mchanga, punguza simenti, nani ataona. Mhandisi anayetakiwa kusimamia tulimwona siku ya msingi. Siku nyingine anasaini karatasi akiwa ndani ya gari, hata kioo hakishushi chote. Nikikataa, kesho yake amekuja fundi mwingine. Siku ukuta ukianguka atatafutwa fundi, na yule mwenye saini atasema alishauri vizuri ila hakusikilizwa.

Muuguzi wa Katoyi

Papa fundi, kwa kipimo nilichokitoa, wewe umo ndani kabisa. Kinachokukosa ni mgongo wa kuegemea. Hakuna orde itakayosimama nyuma yako siku unapokataa kupunguza simenti. Nadhani hicho ndicho cheo kinapaswa kumpa mtu: nguvu ya kusema hapana na kesho yake bado akawa na kazi. Mhandisi anayo nguvu hiyo, akaiuza kupitia dirisha la gari.

Ulivyosema umenikumbusha daraja la Quebec, Kanada. Lilikuwa linajengwa chini ya ushauri wa mhandisi mashuhuri, Theodore Cooper, ambaye alikuwa New York na wala hakufika kuona vyuma vikipandishwa. Kijana wake aliyekuwa kwenye kazi aliona nguzo za chuma zinapinda, akasafiri mwenyewe hadi New York kumweleza. Cooper akatuma telegramu kwamba uzito usiongezwe, lakini akaituma kiwandani, si pale darajani. Jioni ya tarehe 29 Agosti 1907 daraja likaanguka, wafanyakazi 75 wakafa. Tangu 1925 wahandisi wa Kanada wanapohitimu huvishwa pete katika kidole kidogo cha mkono wanaoandikia, ili iguse karatasi kila wanapochora au kusaini. (Kuna wanaodai pete za kwanza zilitengenezwa kwa chuma cha daraja lile. Si kweli, lakini naelewa kwa nini watu wanapenda kuamini hivyo.)

Mwalimu wa Mabanga

Naomba niongee kwa niaba ya chaki. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Kwa miaka mingi haikuwa hivyo, wazazi ndio waliotulipa kwa prime, yaani michango yao. Septemba 2019 ikatangazwa kwamba elimu bure imeanza. Ilikuwa haki, na watoto walijaa madarasani mpaka wengine wakakaa chini. Lakini prime ilikatwa siku moja, na wengi wetu hatukuwa tumemekanizwa. Kwa hiyo haki ya mtoto ililipwa na tumbo la mwalimu.

Pamoja na hayo nakubaliana na mleta uzi, na nitawaambia ninachokiogopa zaidi. Si mgomo. Mgomo unaonekana, unaanza na unaisha. Naogopa pointi (maksi) za kununua. Mwanafunzi anapita mwaka hadi mwaka kwa bahasha, anafika chuo cha uuguzi, na huko anakutana na mwalimu mwingine mwenye njaa. Siku moja huyo kijana atasimama mbele ya binti yangu akiwa ameshika sindano. Njaa yangu ni ya kweli, lakini nikiuza pointi sijamwibia waziri wa elimu, nimemwibia mgonjwa ambaye sitamjua kamwe.

Avoka wa Himbi

Ndugu zangu, niongeze mawili.

La kwanza, msidhani kila mara wajibu kwa jamii unaonekana mzuri machoni pa jamii. Ninapomtetea mtu ambaye mtaa mzima unamchukia, mara nyingi pro deo, bila hata franga ya usafiri, watu wananiuliza kama sina dada, sina mama. Ninaye. Lakini siku jirani yako atakapokusingizia, utataka awepo mtu aliyezoea kusimama upande wa anayechukiwa. Hali kadhalika siri. Anachoniambia mteja kinabaki kwangu, na sheria ya jinai ya nchi hii inamwadhibu anayetoboa siri ya kazi, awe avoka au daktari. Mama aliyebakwa asingekwenda hospitali yoyote kama angejua kesho habari iko sokoni.

La pili linaniuma. Mleta uzi ameusifu utaratibu wa kusahihishana wenyewe. Nimekaa kwenye vikao vya wenzangu. Mwenzetu akila fedha ya mteja mjane, maneno yanakuwa laini: ni kaka yetu, tumwonye kwanza, tusiharibu jina la kazi. Jina la kazi limeshaharibika siku alipokula! Ikiwa hatuwezi kumtoa mmoja wetu kwa sababu tulisoma naye, basi tumegeuka ukoo. Siku jamii itakapochoka na kutunyang'anya usimamizi, tusishangae.

Mwanafunzi wa Jiolojia

Nimesoma yote, na nashangaa hakuna aliyegusa taaluma ambayo mji huu mzima unalala chini yake.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mbingu juu ya Nyiragongo, volkano yetu, ziligeuka nyekundu, na watu waliuona moto kabla ya kusikia neno lolote rasmi. Lava ilishuka hadi Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Kesho yake kila kinywa kiliuliza: OVG, wale wa kituo cha kuchunguza volkano Goma, walikuwa wapi? Walikuwa kazini. Msaada uliokuwa ukipita kwa Benki ya Dunia uliisha 2020, na kwa miezi kadhaa vipimo vilivyoko mlimani vilikosa hata intaneti ya kuleta data kituoni. Walikuwa wameshalisema. Mleta uzi ana haki kwamba kusema ni sehemu ya kiapo, lakini mtaalamu asiposikilizwa lawama inamrudia yeye.

Halafu ikaja tarehe 27. Alfajiri gavana wa kijeshi akatangaza mitaa 10 ihame, kwa kuwa data zilionyesha magma iko chini ya mji na chini ya ziwa Kivu. Wanaoufahamu mkasa wa ziwa Nyos, Kameruni, wanajua maana yake. Agosti 1986 ziwa lile lilitapika gesi ya kaboni usiku mmoja na watu zaidi ya 1,700 wakafa, pamoja na ng'ombe wao. Ziwa Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi sana, na gesi hiyo imo chini, pamoja na methani. Mamia ya maelfu ya watu wakaondoka, wengine Sake, wengine wakavuka mpaka. Mlipuko wa pili haukutokea. Mpaka leo nasikia vijiweni: walituhangaisha bure.

Nawaomba mwangalie upande wa pili. Huko Italia, mji wa L'Aquila, mitetemo midogo iliutikisa mji kwa miezi. Mwishoni mwa Machi 2009 wataalamu waliitwa kwenye kikao, na ofisa mmoja wa ulinzi wa raia akawaambia wanahabari kwamba hakuna hatari. Watu waliozoea kutoka nje kila ardhi ikitikisika wakatulia ndani. Tarehe 6 Aprili usiku tetemeko likaua zaidi ya watu 300. Mwaka 2012 wanasayansi sita na ofisa yule walihukumiwa miaka sita jela. Novemba 2014 wanasayansi wote sita waliachiwa kwenye rufaa. Ofisa alibaki na hatia, adhabu ikapunguzwa hadi miaka miwili. Dunia nzima ilidhani walishtakiwa kwa kushindwa kutabiri, na hakuna anayeweza kutabiri siku ya tetemeko. Kilichobishaniwa mahakamani ni walichoambiwa watu: je, walipewa kile sayansi ilichokijua pamoja na kile isichokijua, au walipewa maneno ya kuwatuliza?

Kwa hiyo mimi nasema mtaalamu wa volkano hatumdai uhakika. Tunamdai mashaka yake yote, yaani atuambie anaona nini, anaogopa nini, na wapi macho yake yanaishia. Ule ubao wa rangi ulioko kwenye njia panda, kijani, njano, chungwa, nyekundu, ni mzuri, lakini rangi peke yake haimwambii mama wa Majengo afanye nini na watoto watano. Tukisomeshwa kupima mtetemo bila kusomeshwa kuzungumza na mama huyo, tumesomeshwa nusu.

Mama wa Buhene

Mwanangu mwanafunzi, Mungu akuongoze. Mimi sikusoma sana lakini nyumba yangu ilikwenda na lava ile, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Tarehe 27 nilikuwa kwa dada yangu Majengo, tukatoka na watoto, tukatembea hadi Sake, tukalala kwenye baraza la kanisa. Mvua ilinyesha. Sikuwalaani wale wataalamu hata siku moja, kwa sababu safari hii walisema. Nililaani ile ya tarehe 22, ambapo niliamshwa na kelele za majirani.

Hatuwaombi muwe malaika. Tunajua mna watoto. Tunaomba mtuambie ukweli mapema, na msituchukie kwa umaskini wetu. Muuguzi anaweza kunitibu vizuri na bado akanijibu kama mbwa, ukitoka pale hutaki kurudi hata ukiumwa.

Nina swali kwa mleta uzi. Mdogo wangu karibu kujifungua. Tunasikia Kinshasa kujifungua ni bure tangu Septemba 2023. Hapa kwetu tufanye nini asije akazuiliwa?

Mhamasishaji wa Butembo, sasa Goma

Naingia kidogo tu, kwa sababu ya hilo neno la kurudi au kutorudi. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, nilipita nyumba kwa nyumba. Watu zaidi ya 2,200 walikufa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tulipigwa mawe, na wengine wakasema watu ni wajinga, wanakataa sayansi. Ila watu hawakuikataa sayansi, waliwakataa watu walioibeba. Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti iliyotaja watuhumiwa 83 wa kudhulumu wanawake kimwili wakati wa operesheni ile, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wengine waliwaahidi wasichana kazi. Wengine walikuwa madaktari! Chanjo ilikuwa nzuri, ilifanya kazi. Lakini mama ambaye binti yake alifanyiwa hivyo, utamwendea na sindano ukitumia uso gani? Mtu mmoja mwenye cheo akivunja, anayefunga mlango usoni mwako ni mtaa mzima, na mgonjwa aliyefichwa nyuma ya mlango huo anaambukiza wengine.

Kwa hiyo avoka, unapowaonya wenzako kwa maneno laini, fikiria na sisi tunaogonga milango.

Muuguzi wa Katoyi

Nimesoma kila mmoja, asanteni. Mhamasishaji, maneno yako nitayapeleka kwenye kikao cha wauguzi, hayo ya mlango hasa. Avoka, ukipata wawili watatu wa kukuunga mkono kumtoa aliyekula fedha ya mjane, andika hapa hapa, ili sisi wa orde nyingine tuwe na pa kuanzia.

Fundi, wazo moja. Mafundi wa mtaa mmoja mkikubaliana kwamba anayefukuzwa kwa kukataa kupunguza simenti hakuna mwingine atakayechukua kazi yake, mmeshaunda orde bila sheria. Itakuwa ngumu, najua njaa ilivyo. Jaribuni na parseli moja.

Mama wa Buhene, swali lako ndilo nililolingoja. Usingoje siku ya uchungu. Mdogo wako aende kliniki sasa, na siku hiyo hiyo aulize bei ya kujifungua kawaida na bei ya upasuaji, zote mbili. Bei zinatakiwa zibandikwe ukutani. Kama hazipo, aombe aandikiwe kwenye fishi yake (kadi ya kliniki). Aanze kulipa kidogo kidogo na adai risiti kila mara, hata ya franga chache, kwa sababu deni lenye risiti ni rahisi kulijadili kuliko ahadi ya mdomo. Aulize pia kama kituo kina mtu wa huduma za jamii. Hospitali kubwa mara nyingi zinaye, na watu hawamjui mpaka wamekwisha kukwama.

Jambo la mwisho, ambalo wakaazi wengi hawalitumii: kila eneo la afya linatakiwa kuwa na kamati ya wakaazi wenyewe, inaitwa CODESA. Kazi yake ni pamoja na kufuatilia jinsi kituo kinavyoendeshwa. Mama akizuiliwa, msije mlangoni kugombana na muuguzi wa zamu. Mwiteni mwenyekiti wa CODESA, mje naye kwa muuguzi mkuu, muombe ratiba ya kulipa iliyoandikwa, mama aende nyumbani. Nimeona ikifanikiwa.

Niandikie tu mnakaa mtaa gani, jina la kituo usiliweke hapa. Niko zamu mpaka asubuhi, nitakujibu.